Shangazi, Nilimfungia Mlango Usiku Ule

Shangazi, shikamoo.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta, maana kila nikiisoma naona aibu. Mtu mzima wa miaka 38, mke wa mtu, mama wa mtoto, nalilia paka. Lakini wiki ya tano inakatika na machozi hayajakauka, na nyumbani sina wa kumwambia. Nakwambia wewe.

Paka wangu aliitwa Shaibu. Jina hilo alilipata kwa kidevu chake: tangu yuko kitoto kilikuwa cheupe pepepe, na masharubu meupe juu yake, kama mzee aliyekwisha maliza kazi zote za dunia. Niliishi naye miaka saba. Alinikuta sijaolewa. Mama yangu, ambaye hakuwahi kupenda mnyama ndani ya nyumba, ndiye aliyeishia kumpakata kila jioni, na mama alipofariki Shaibu alilala juu ya miguu yangu usiku ule na usiku mwingine mwingi uliofuata.

Alikuwa na tabia moja. Ikifika saa nane usiku anakuja chumbani, anauma vidole vya miguu, anataka chakula. Ukimpa, kesho anakuja saa saba na nusu. Mume wangu alikuwa amechoka, na mimi wiki ile nilikuwa na kazi za kufunga mwezi, nalala saa sita naamka saa kumi na moja. Basi usiku ule nikamsikia analia koridoni. Nikaamka kwa hasira. Alikuwa mlangoni. Nikamwambia, "Shaibu, nenda bwana, nimechoka na wewe," nikamsukuma kwa mguu, taratibu lakini nilimsukuma. Akarudi nyuma, akaketi, mkia ameuzungushia miguu, ananitazama. Nikafunga mlango. Alikwaruza mara mbili, akanyamaza. Nikasema afadhali. Nikalala, na nililala vizuri, Shangazi. Hilo ndilo linaloniua.

Alfajiri nilipofungua nilimkuta amelala palepale kizingitini. Miguu ya mbele inajivuta, ya nyuma imelala bapa kama kitambaa kilicholowa. Anahema mdomo wazi. Nilimshika unyayo wa nyuma, ulikuwa wa baridi kama kitu kilichotoka kwenye friji. Nikamfunga kwenye taulo nikakimbia naye kwa daktari wa wanyama. Akasema moyo wake ulikuwa mgonjwa siku nyingi, bonge la damu limechomoka likaziba mshipa wa miguu, maumivu yake ni makali sana na matumaini ni madogo mno. Akashauri apumzishwe. Nikasaini. Sikumbuki hata kama nilisoma nilichosaini. Sindano ikaingia, akatulia, na macho yake yakabaki wazi, ananitazama vilevile alivyonitazama usiku mlangoni. Nilirudi nyumbani na taulo.

Miezi mitatu kabla ya hapo nilimpeleka kuchanjwa, daktari huyo huyo akamsikiliza moyo akasema yuko salama. Kuna siku namchukia daktari. Siku nyingi zaidi najichukia mimi.

Mume wangu si mtu mbaya, ila anasema, "Ni paka tu, tutatafuta mwingine." Kazini nilipoomba ruhusa ya siku moja mtu alicheka. Baba mkubwa alifariki mwaka jana, sikulia hivi, na sasa najiuliza mimi ni mtu wa namna gani. Mwanangu ana miaka mitano. Nilimwambia Shaibu amelala kwa daktari, na kila jioni ananiuliza kama ameshaamka. Siku hizi nalala mlango wazi. Saa nane ikifika naamka mwenyewe, na wallahi nasikia makucha mlangoni. Mume wangu anasema akili itanitoka.

Niambie ukweli. Ningemfungulia, angepona? Na ile sahihi yangu, si mimi niliyemuua?

Mimi niliyefunga mlango


Marahaba, mwanangu.

Nianze na macho, ingawa hukuniuliza, maana nahisi ndiyo yanayokuamsha kuliko makucha. Kufumba macho ni kazi ya misuli. Dawa wanayochomwa wanyama kwa ajili ya kupumzishwa ni ya jamii ya dawa za usingizi, ila kipimo chake ni kikubwa mno: ndani ya sekunde chache fahamu hupotea, halafu pumzi, halafu moyo. Misuli yote hulegea, na kope hubaki zilivyokuwa. Wanyama wengi wanaoondoka kwa njia hiyo huondoka macho wazi, na madaktari wazuri humwonya mwenye mnyama mapema ili asije akashtuka. Wewe inaelekea hukuonywa, au ulionywa ukiwa husikii. Wakati unayatazama yale macho, Shaibu hakuwemo. Hakukuwa na wa kukulaumu mle.

Sasa moyo wenyewe. Katika ugonjwa huo, kuta za moyo huwa nene kupita kiasi, chumba cha juu cha upande wa kushoto kinatanuka, na damu badala ya kupita inazubaa humo. Damu inayozubaa huganda. Siku moja bonge linachomoka, linateremka na mshipa mkuu hadi pale unapogawanyika kuelekea miguu ya nyuma, linakwama kwenye njia panda. Miguu inakosa damu papo hapo. Ndiyo ile baridi uliyoishika. Unene huo wa moyo unao takriban paka 15 katika kila 100, na wengi wao wanakula, wanaruka, wanauma watu vidole saa nane za usiku bila dalili yoyote. Kwa wengi wa wale wanaopatwa na bonge, bonge lenyewe ndiyo habari ya kwanza kabisa.

Kwa hiyo mwache daktari wako. Stetoskopu husikia kelele, na moyo mnene unaweza kupiga kwa adabu kabisa. Kuuona kunahitaji ultrasaundi ya moyo, na hakuna anayemfanyia hivyo paka mchangamfu aliyekuja kuchanjwa. Hakukudanganya. Alisema alichokisikia.

Umeuliza kama angepona. Paka waliozibwa miguu yote miwili ya nyuma, hata wakiwahishwa, wengi hufa au hupumzishwa siku ileile. Wachache wanaonusurika hurudi nyumbani na moyo uleule, na moyo huo unaweza kutupa bonge jingine. Mlango usingebadilisha moyo wake.

Sitakuambia kwamba mlango haukuwa na maana hata chembe, maana hutaniamini, na utafanya vema kutoniamini. Ungekuwa wazi, pengine angejivuta hadi kitandani, ungeamka mapema, angepata dawa ya maumivu mapema. Hilo ni kweli. Saa hizo una haki ya kuzijutia, na mimi sitakunyang'anya.

Lakini nimeisoma barua yako mara nne, na kuna mstari nadhani umeuandika bila kuusoma. Unasema ulipomsukuma akarudi nyuma, akaketi, mkia ameuzungushia miguu. Mwanangu, paka aliyezibwa mshipa wa miguu haketi hivyo. Miguu ya nyuma haimbebi. Ulimwona mwenyewe alfajiri. Yule aliyekuwa mlangoni saa nane alikuwa Shaibu wa kila siku, amekuja kudai chakula chake. Ulimfukuza paka mwenye njaa na kelele, kama ulivyomfukuza mara ngapi kabla ya hapo, na kama alivyorudi kila mara bila kinyongo. Lililompata lilimpata baadaye, wewe ukiwa umelala.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Methali hiyo tumeigeuza fimbo: mtu akijikwaa tunamchapa nayo. Hebu isikilize tena. Mjukuu hazaliwi kabla ya babu yake. Hayo unayoyajua leo, moyo, bonge, njia panda ya mshipa, yalizaliwa alfajiri ile mezani kwa daktari. Saa nane usiku hayakuwepo nyumbani kwako. Wewe unayabeba, unarudi nayo nyuma kwa muda wa saa tatu, unampa yule mwanamke aliyechoka aliyesimama mlangoni, kisha unamuuliza: ulijua, mbona ulifunga?

Na si wewe peke yako, ndivyo akili za binadamu zilivyoumbwa. Mwaka 1975 mwanasaikolojia wa Marekani, Baruch Fischhoff, alichapisha majaribio aliyowapa watu habari za vita vya 1814 kati ya Waingereza na Wagurkha wa Nepali. Kundi moja likaambiwa Waingereza walishinda, jingine likaambiwa walioshinda ni Wagurkha, mengine yakaambiwa hakuna aliyeshinda. Kisha akawauliza: kama msingeambiwa mwisho, mngetarajia nini? Kila kundi likaelekea kusema kwamba mwisho lililoambiwa lenyewe ulikuwa ukionekana tangu mwanzo. Karatasi waliyosoma ni ileile, habari ni zilezile, ila ukishaujua mwisho kila mstari unageuka ishara. Ndiyo maana sasa unasikia kilio cha usiku ule kuwa cha ajabu. Huenda kilikuwa kilekile cha jana yake.

Majuto na hatia ni vitu viwili. Hatia hudai mtu aliyejua, kisha akatenda. Majuto hayadai chochote. Yanatosha kwa mtu aliyependa na hakuwepo. Wewe unayo majuto na unayaita hatia kwa sababu hatia, ajabu ya Mungu, ni nyepesi kubeba kuliko ukweli. Ukiwa na hatia basi kuna jambo ungefanya, na dunia ina mpangilio. Ukweli ni kwamba moyo wa mnyama uliyempenda ulikuwa unakunjamana ndani kimya kimya huku anakukoromea mapajani, na hakuna aliyesikia.

Kuhusu kulala vizuri: ulilala kwa sababu ulikuwa na siku kadhaa za usingizi wa saa tano. Ningekuwa na wasiwasi kama usingelala.

Na sahihi. Nitakuuliza mimi swali. Kama usingesaini, ungefanya nini na paka yule alfajiri ile? Angebaki na maumivu ambayo kwa binadamu tunayalinganisha na mguu unaokufa mtu akiwa macho, saa kadhaa, pengine siku, kuelekea mwisho uleule. Uliombwa kuchagua kati ya uchungu wake na uchungu wako, ukachukua wa kwako. Unaubeba hadi leo. Ulisaini haraka kwa sababu ulikuwa unamwona anavyohema.

Tuje kwa walimwengu. "Ni paka tu." Nakiri, Shangazi yako huyu aliwahi kumwambia mtu maneno kama hayo, kuhusu mbwa, miaka mingi iliyopita, na bado nauona uso wake ulivyofunga. Hakunijibu. Alibadilisha mazungumzo, na hakuniambia tena jambo lake lolote la moyoni. Mwaka 1989 msomi Kenneth Doka alikiandikia kitabu kizima kilio cha namna hiyo, kile ambacho jamii haikitambui: hakina matanga, hakina ruhusa ya kazini, hakina wa kukupa pole, basi mtu anakilia chooni bomba likiwa wazi. Kilio kilichofichwa hakipungui kwa kufichwa. Na kama unadhani wewe ndiye wa kwanza kuvuka mpaka, Herodoto, yule Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba Misri ya kale paka akifa nyumbani kifo chake mwenyewe, watu wote wa nyumba hiyo hunyoa nyusi. Wewe nyusi zako unazo.

Baba mkubwa usimlinganishe. Baba mkubwa, Mungu amrehemu, hukuwa unamkanyaga gizani ukienda msalani. Hakuwa akikusubiri mlangoni kila jioni. Msiba huingia kupitia vile vitu vidogo vya kila siku, na Shaibu alikuwa amevijaza vyote: kitanda, koridoni, mapaja, saa nane usiku. Halafu kuna jambo umelitaja ukalipita upesi kama mtu anayepita mbele ya mlango wa chumba asichotaka kuingia. Mama. Yeye ndiye aliyempakata. Shaibu ndiye aliyelala juu ya miguu yako usiku alipofariki. Kiumbe wa mwisho nyumbani kwako aliyejua harufu ya mapaja ya mama yako ameondoka, na wewe unashangaa mbona machozi ni mengi kuliko paka? Hayo si ya paka peke yake. Mwambie mume wako hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Nadhani ataelewa zaidi ya unavyomdhania, maana umesema si mtu mbaya, na mtu anayesema "tutatafuta mwingine" mara nyingi ni mtu asiyejua afanye nini na machozi ya mkewe. Paka mwingine asubiri, na akija, asije kwa jina la Shaibu.

Mtoto ni wa leo, si wa kesho. Jioni hii akiuliza, mwambie Shaibu amekufa. Neno hilo hilo. Mwambie moyo wake uliugua sana, daktari akashindwa kuutengeneza, mwili wake umeacha kufanya kazi: hapumui, haoni njaa, haumwi, na hatarudi. Usimwambie amelala. Mtoto wa miaka mitano hulichukua neno kama lilivyo, na aliyesikia kwamba Shaibu alilala kwa daktari asirudi anaweza kuanza kuogopa kitanda chake, au siku ukimpeleka yeye hospitali akakung'ang'ania mlangoni. Mwambie pia ulikosea kusema amelala, kwamba ulikuwa na huzuni. Atauliza tena kesho, na keshokutwa, maswali yaleyale, jibu yaleyale. Anaweza kulia dakika mbili kisha akaomba juisi. Usimwone hana moyo, watoto huzuni yao huingia na kutoka. Akitaka kumchora Shaibu, mpe karatasi, na kidevu kiachwe cheupe.

Ninyi wengine mnaosoma mkiwa na paka pembeni, msianze kuwaamsha kila akoroma. Ila paka akianza ghafla kuburuta miguu ya nyuma, nyayo zikawa za baridi, au akahema mdomo wazi akiwa ametulia, hiyo ni dharura ya dakika hiyo hiyo, usiku au mchana.

Makucha unayoyasikia hayanitishi. Sikio lililozoeshwa sauti miaka saba huendelea kuisubiri, na waliofiwa wengi husikia nyayo, kikohozi, ufunguo kwenye kitasa. Kitakachonitisha ni kingine: ukikaa siku kadhaa huli, usingizi ukikataa kabisa, au ukianza kuona afadhali na wewe usiwepo. Hapo usiandike barua. Mwambie mume wako usiku huo huo na mtafute daktari au mshauri nasaha mkiwa wawili.

Taulo usilifue kama hujataka kulifua. Chakula kilichobaki kwenye mfuko kitampata mwenye paka, siku utakapoweza kukishika.

Na mlango uache wazi, mwanangu. Mweleze tu mume wako ni kwa nini, na mwekee blanketi la ziada upande wake.

Shangazi